Benchi Halina Kona: Kisa cha Alfa Romeo 2000 GTV Iliyonoki Monza

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi kwa simu, kwa mafundi wenzangu wa Mombasa na Dar, na kila mara naishia kuulizwa swali lile lile: "Sasa mlikosea wapi?" Jibu la simu huwa fupi mno na la uongo kidogo, kwa hiyo nimeona nikiandike chote kwa mpangilio. Majina nimeyaondoa, rangi ya gari nimeiondoa, namba ya chasisi haimo. Uwanja wa mbio nautaja, kwa sababu magari yanayopita Monza kwa mwaka hayahesabiki na kuutaja hakumfichui mtu.

Kuhusu mimi: Kiitaliano nilikiokota Malindi, nikiwa kijana wa spana kwenye gereji iliyohudumia magari ya Waitaliano wenye nyumba za ufukweni. Ufundi wa Alfa nimejifunza huku Lombardia, Italia, chini ya mwenye gereji aliyezishika injini hizi tangu zikiwa mpya. Mimi humwita Mzee. Miaka ya mwanzo aliuliza maana yake, siku hizi anaitikia tu.

## Gari na mwenye gari

Ni Alfa Romeo 2000 GTV ya mwaka 1973. Kwa asiyeifahamu, ni gari la milango miwili, bodi yake ilichorwa na Giorgetto Giugiaro akiwa bado kijana kwa Bertone, kampuni ya kuchora na kuunda bodi. Ukoo wenyewe ulianza mwaka 1963 na Giulia Sprint GT, na 2000 ndiyo iliyopewa injini kubwa kuliko zote: silinda 4, sentimita za ujazo 1,962, kipenyo cha silinda milimita 84, na pistoni inasafiri milimita 88.5. Bloku ni ya alumini, na ndani yake mna slivu za chuma, mirija ambamo pistoni hupita, zinazozungukwa na maji. Kamshafti, zile shafti zinazofungua valvu, ni mbili, ziko juu, zinaendeshwa kwa cheni. Kutoka kiwandani ilikuwa na nguvu farasi 131 hivi, gia tano, na diski za breki magurudumu yote manne, jambo ambalo magari mengi ya enzi hizo hayakuwa nalo. Nyuma ina ekseli nzima ya kipande kimoja kama pikapu, na bado inakata kona vizuri kuliko magari mengi yenye kila gurudumu na mkono wake.

Ukoo huu una jina kubwa kwenye mbio. Mwaka 1965 Alfa ilitoa GTA, bodi ya alumini, kilo 745, kila silinda ina plagi mbili. Zile za mbio ziliandaliwa na Autodelta ya Carlo Chiti, tawi la mbio la Alfa, na Andrea de Adamich akatwaa nazo ubingwa wa Ulaya wa magari ya aina hiyo mwaka 1966 na tena 1967. Matokeo yake ni kwamba kila mwenye GTV ya kawaida akifungua mlango wa gereji yake asubuhi, anachokiona mle ndani ni GTA. Mzee huiita homa, na husema haina dawa ila huwa inapungua ukimwonyesha mgonjwa bili.

Mwenye gari nitamwita Bwana M. Mtu wa ofisini, miaka hamsini na ushei, gari analo zaidi ya miaka kumi. Hakutaka kushindana. Alitaka zile siku za uwanja: unalipa, unaingia kwa zamu ya dakika ishirini, unatoka, hakuna kombe wala bendera ya mshindi. Kwa kuwa hakushindana, hakuhitaji pasipoti ya kiufundi ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, ile inayoshuhudia kwamba gari la kihistoria liko katika hali lililokuwa nayo zama zake. Nitarudi kwenye hili, maana lilikuwa na uzito kuliko tulivyodhani.

## Mwaka wa kwanza

Mzee ana mpangilio wake na habishani na mteja juu yake: breki kwanza, halafu sasipensheni, halafu kiti na mikanda, injini mwisho. Tukaweka pedi ngumu za breki, mafuta ya breki yasiyochemka upesi, na hosi zenye nyavu za chuma. Springi fupi na ngumu zaidi, shoki mpya, na mbele nondo nene ya kuzuia bodi isilale kwenye kona. Mikono ya juu ya mbele tukaweka ya kurekebishika ili tairi isimame vizuri gari likiinama. Injini tuliigusa kwa huduma ya kawaida tu: nafasi za valvu, plagi, kusawazisha kabureta mbili.

Kisha tairi. GTV ilizaliwa na tairi za 165, yaani upana wa milimita 165, kwenye rimu ya inchi 14, nyembamba kiasi kwamba leo ukimwonyesha kijana anauliza kama ni za spea. Bwana M. alichagua rimu ya inchi 15, upana wa inchi 7, na tairi za uwanjani za 195/50, zile laini zenye mikato michache ambazo zikipata moto zinanata kama gundi. Zilipendeza, na zilienea chini ya madigadi bila kukata kitu. Nakumbuka nilizifunga mwenyewe. Siku ile hakuna aliyeziandika kwenye daftari kama mabadiliko yanayohusu injini.

Mwaka ule alikwenda mara nne, mara tatu kati ya hizo Varano, karibu na Parma, uwanja mdogo usiofika hata kilomita 2.5, wenye kona fupi fupi. Gari lilishika barabara kama kupe. Hakuna kilichovunjika. Presha ya oili haikuwahi kumpa mtu wasiwasi. Ushahidi huu, kwamba mwaka mzima umepita salama, ndio uliotuponza mwaka wa pili.

## Makadirio na laini iliyokatwa

Majira ya baridi Bwana M. akarudi kwa ajili ya nguvu. Mzee akaandika makadirio ya kurasa mbili: pistoni za mgandamizo wa juu, kamshafti zenye nundu kali zaidi, kazi ya njia za hewa kwenye silinda hedi, kabureta za 45 badala ya za 40, ekzosi ya mabomba, kupunguza uzito wa flaiwili, beringi mpya za kranki (shafti kuu ya injini) na konrodi (mikono inayoiunganisha na pistoni), kipoza oili. Chini kabisa kulikuwa na laini moja: sampu, ile trei ya oili iliyo chini ya injini, yenye kuta za ndani na vimilango.

Jumla ilizidi bajeti. Mteja akachukua kalamu na kuuliza, kwa adabu, kipi kinaweza kusubiri. Nilikuwepo. Kidole chake kilishuka kwenye orodha, kikapita kabureta bila kusita, kikafika chini.

"Hii ya sampu inaleta nguvu farasi ngapi?"

"Haileti hata moja, dottore," Mzee akajibu.

"Na mwaka jana ilikuwa na shida?"

"Mwaka jana hapana."

Ikakatwa. Mzee alinyanyua mabega, mimi nikanyamaza. Kwa haki, hoja ya mteja haikuwa ya kijinga: alikuwa na mwaka mzima wa ushahidi, na sisi tulikuwa na mazoea tu. Ila ushahidi wake ulikuwa wa Varano, na kati yetu watatu hakuna aliyeuliza mwaka ujao angekwenda wapi.

Injini ilijengwa vizuri, na nasema hivyo nikijua kilichofuata. Urefu wa kila slivu juu ya bloku tuliupima kwa geji ya saa, maana gasketi ya injini hizi haisamehe slivu iliyokaa chini kuliko jirani yake. Vile vipete vidogo vya mpira kwenye njia za oili kati ya bloku na hedi tuliviweka vipya. Beringi zote tulipima nafasi zake. Kisha gari likapelekwa kwenye benchi la rola la kupimia nguvu, likafungwa mikanda, tairi za nyuma zikazungusha rola kwa asubuhi nzima. Likatoa nguvu farasi 168, kwa hesabu ya kwenye injini. Presha ya oili ilisimama bar 5 kuanzia mizunguko 3,000 hadi 7,000 kwa dakika, sindano haikutikisika. Bwana M. aliipiga picha karatasi ya matokeo. Nami niliipiga, siwezi kukataa.

## Siku ya Monza

Monza ni uwanja wa mwaka 1922, kilomita 5.793 kwa mzunguko. Mwisho wa mzunguko unakutana na Parabolica, kona ya kulia ndefu. Tangu 2021 jina lake rasmi ni la Michele Alboreto, lakini watu wa hapa bado wanaiita Parabolica. Unaifikia kwa kasi, unakanyaga breki kwa nguvu, unaingia, kisha kona inaendelea kufunguka huku ukiongeza gesi hadi unatokea kwenye barabara ndefu ya mbele ya jukwaa. GTV kama ile ilikuwa inalala pembeni kwenye kona hiyo kwa sekunde tisa, kumi. Varano kona ndefu kabisa huisha kabla hujameza mate.

Zamu ya kwanza ilikwenda vizuri. Wakati wa chakula Bwana M. akataja, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba akitoka Parabolica aliona sindano ya presha ya oili "ikicheza". Mara moja au mbili. Ikarudi.

Nilichomoa kijiti cha oili. Kilisoma katikati, kati ya chini na juu. Nikaongeza hadi alama ya juu, nikamwambia tatizo lilikuwa hilo. Huu ndio uamuzi ninaoujutia zaidi ya ule wa makadirio, kwa sababu huu ulikuwa wangu peke yangu. Gari lilikuwa limetoa habari kwa lugha iliyo wazi, nami nikaitibu dalili.

Zamu ya pili hakuona kitu, au hakutazama. Oili ya ziada ilikuwa imeficha tatizo. Zamu ya tatu ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, lami imepata joto, tairi zimenata, na oili yenyewe imekuwa moto na nyepesi. Mzunguko wa sita, akitokea Parabolica kwa gesi yote, alisikia mlio. Alituelezea baadaye kwamba ulikuwa kama mtu anagonga meza kwa kijiko, na ulikuwa unakwenda na mizunguko ya injini. Hakumaliza mzunguko. Alikanyaga klachi, akazima injini hapo hapo, akaliacha gari litembee lenyewe hadi pembeni kwenye nyasi.

Injini imenoki. Fundi yeyote kati ya Lamu na Lubumbashi angejua kabla gari halijashushwa kwenye lori.

## Juu ya meza

Kitu cha kwanza nilichofungua ni filta ya oili. Niliikata kwa mkasi wa bati, nikaitandaza karatasi yake ya mikunjo kwenye trei nyeupe na kuibonyeza. Oili ilitoka na vumbi linalong'aa, rangi ya dhahabu nyekundu. Hiyo ni shaba, na shaba iko chini ya tabaka la juu la beringi. Ukiiona kwenye filta, tabaka la juu limekwisha.

Beringi za konrodi ya pili na ya tatu zilikuwa zimeliwa hadi shaba, ya pili ikiwa imeanza kuzunguka kwenye makao yake. Za kwanza na nne zilikuwa na mikwaruzo tu. Beringi kuu tano za kranki zilikuwa salama, na kati ya mambo yote niliyoyaona pale, hilo ndilo lililonieleza zaidi: oili hufika kwanza kwenye beringi kuu, ndipo ipite ndani ya kranki kwenda kwenye konrodi. Ikikatika, konrodi ndizo zinazokaa na njaa. Pistoni, valvu, kamshafti, hakuna kilichoguswa. Kama Bwana M. angeendelea hadi mlango wa kutokea, konrodi ingekatika na kutoboa bloku, na bloku ya alumini iliyotobolewa ni mapambo ya bustani.

Kranki ilichongwa robo ya milimita kwenye shingo zake za konrodi, kisha ikafanyiwa tena matibabu ya kuifanya ngumu juu, kwa kuwa kuchonga kunakula ule ugumu. Ndani ya kranki ya Alfa mna njia za oili zilizozibwa kwa vizibo vya alumini. Lazima uvitoboe uvitoe, usafishe, uweke vipya, la sivyo uchafu wa ajali ya jana unalala humo ukisubiri beringi mpya. Kipoza oili tulikitupa. Watu hukiosha, hukipuliza, hukiapia, na bado huwa kimebakiza chembe moja kwenye kona.

Bili ya yote haya ilizidi bei ya ile laini ya sampu mara kumi na zaidi.

## Ubao wa Mzee

Kabla hatujajenga upya, Mzee alitaka kuona kwa macho. Alichukua sampu ile ile, alumini yenye mapezi ya kupozea, kina katikati na mabega mapana ya kina kifupi pembeni. Akaifunga kwenye ubao wenye bawaba. Juu yake tukaning'iniza bomba la kunyonyea oili na chujio lake, kwa urefu ule ule linaokaa ndani ya injini. Tukamimina oili iliyotumika hadi kiwango cha juu.

Hesabu yake ni nyepesi na haihitaji kompyuta. Gari likivutwa pembeni kwa nguvu sawa na uzito wake, oili ndani ya sampu haisimami tena sawasawa: uso wake unainama nyuzi 45, kama ambavyo ungeinama ukiuinua ubao nyuzi 45 juu ya meza. Likivutwa kwa nguvu ya saba kwa kumi ya uzito wake, ambayo ndiyo kiasi cha tairi nyembamba za zamani, mwinamo ni nyuzi 35.

Tukauinua taratibu. Nyuzi 35: oili imekimbilia begani upande mmoja, lakini chujio bado limezama. Mzee akachora alama ya chaki kwenye nguzo ya pembeni. Nyuzi 45: ukingo wa chujio ukatokeza, unang'aa, kama kisigino cha mtu aliyelala kwenye maji ya kina kifupi. Akachora alama ya pili.

Kisha akaniambia nitoe lita moja na nusu. Injini inapozunguka 6,500, sehemu ya oili haiko chini kabisa, iko juu kwenye kamshafti ikijaribu kushuka. Nikaitoa. Tukarudia. Safari hii chujio lilikuwa nje kabla hatujafika alama ya pili, na kwenye nyuzi 45 nusu yake ilikuwa inanyonya hewa. Hapo tulisimama tukitazama kwa muda, hakuna aliyesema kitu. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,500, pampu ikipewa hewa kwa sekunde moja, konrodi imeshalipa.

Ongeza breki za kabla ya kona zinazopeleka oili mbele, na gesi ya kutokea inayoipeleka nyuma, na Parabolica inakuwa mahali pa kuitafuta oili kila upande isipokuwa pale ilipo pampu.

## Uamuzi wa mara ya pili

Tulikuwa na njia nne mezani.

Kurudi kwenye tairi za ukubwa wa zamani, ngumu zaidi. Hii ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote na ndiyo niliyoipigania. Bwana M. alikataa papo hapo. Raha aliyokuja kuinunua ilikuwa ni kushika kona.

Sampu kavu, yaani oili inakaa kwenye tangi pembeni na pampu za ziada zinainyonya muda wote. Ndilo jibu kamili. Ila inataka mkanda, mabano, tangi, mabomba na kutoboa bodi, na gari hili linakwenda uwanjani mara sita kwa mwaka. Mzee aliikataa kwa sababu ya matundu. GTV za miaka ile sasa zina thamani, na yeye ana sheria: chochote tunachofunga lazima kifunguke, na vifaa vya asili vinawekwa kwenye sanduku lenye jina la mteja.

Tangi la akiba, chombo chenye oili iliyoshindiliwa kinachosukuma oili kwenye injini presha inapoporomoka. Zuri, lakini linafidia tu, na likiisha limeisha. Tukaliweka kiporo.

Sampu yenye kuta na vimilango vya bawaba vinavyoruhusu oili kuja kwa pampu na kuizuia kukimbia, pamoja na bati la kuitenga na upepo wa kranki. Hii ndiyo tuliyoichukua. Ile laini iliyokatwa, sasa bila mjadala.

Juu yake tukaweka vitu viwili ambavyo havikuwemo kwenye makadirio ya kwanza: sensa ya presha iliyounganishwa na kifaa cha kurekodi pamoja na mahali gari lilipo uwanjani, na taa nyekundu kubwa kama kizibo cha soda, usawa wa macho, inayowaka presha ikishuka chini ya bar 2. Geji ya asili ni nzuri kutazama ukiwa kwenye foleni ya Milano. Kwenye kona, macho ya dereva yako kwenye mwisho wa kona, na hapo ndipo yanapotakiwa kuwa.

## Matokeo

Msimu uliofuata tulirudi Monza kwa makusudi, asubuhi ya baridi, na Bwana M. akaambiwa aanze polepole. Kwenye barabara ya moja kwa moja presha ilisoma bar 4.8. Parabolica ilishuka hadi 3.9. Alasiri, oili ikiwa na joto la nyuzi 118, ilishuka hadi 3.2 na kupanda tena gari liliponyooka. Bado inashuka, lakini ni mteremko unaouona ukija na unaojua unaishia wapi. Mahali pengine pote uwanjani mstari ulikuwa karibu sawa, pamoja na kona mbili za Lesmo ambazo mimi nilizishuku.

Taa nyekundu imewaka mara moja tu tangu hapo. Bwana M. aliachia gesi kabla hajafikiri, akazima, akalitembeza gari hadi pembeni. Ilikuwa ni waya wa sensa umelegea. Alirudi akicheka, Mzee akamshika mkono kama mtu aliyeshinda kitu.

Injini ina misimu miwili sasa. Tulipofungua kifuniko cha konrodi ya pili baada ya msimu wa kwanza, beringi ilikuwa kijivu safi.

## Uchambuzi: kilichofaa na kilichotuangusha

Mpangilio wa Mzee wa breki kwanza ulikuwa sahihi, na sibadilishi. Dereva aliyejifunza gari lake mwaka mzima na injini ya kawaida ndiye aliyejua kuzima ndani ya sekunde mbili siku ya mlio. Mwenye nguvu farasi 168 tangu siku ya kwanza angekuwa na shughuli nyingine kichwani.

Lililotuangusha ni kuhesabu mabadiliko kwa mafungu. Tairi tuliziandika chini ya "sasipensheni", sampu chini ya "injini", na mafungu haya mawili hayakuwahi kusomwa pamoja. Kumbe ni kitu kimoja. Sampu ya Arese, kiwandani kwa Alfa, ilichorwa kwa gari lenye tairi za 165, na kwa gari hilo ilitosha. Siku nilipofunga tairi za 195 nilibadilisha mwinamo wa oili kutoka nyuzi 35 kwenda 45 bila kugusa hata boliti moja ya injini. Nguvu mpya ziliongeza mizunguko na kupeleka oili zaidi juu, lakini hizo zilikuwa za kumalizia. Mimi na Mzee tunatofautiana hapa hadi leo: yeye anasema iliyoua injini ni sampu, mimi nasema ni tairi. Kwa upande wa ukarabati tofauti hiyo haina maana. Kwa upande wa anayepanga gari lake la kwanza la uwanjani ina maana kubwa, kwa sababu tairi ndicho kitu cha kwanza ambacho kila mtu hununua.

Hapa ndipo ile pasipoti ya FIA inaporudi. Kanuni za magari ya kihistoria, zile za Kiambatanisho K, zinakubana kwenye rimu na tairi za zama za gari. Watu huzilalamikia kwamba zinaua ubunifu. Mimi pia nilizilalamikia. Lakini zinaweka mpaka ambao mchoraji wa sampu aliujua. Kwenye siku za uwanja huna anayekukataza, basi inabidi mtu ndani ya gereji aifanye kazi ya kukataza, na kwetu siku ile ya makadirio hakuna aliyeifanya.

Benchi la rola halikutudanganya. Lilijibu swali tuliloliuliza: je, injini inatoa nguvu na presha ikiwa imesimama wima? Ndiyo. Benchi halina kona. Karatasi ile ya bar 5 iliyonyooka ilitupa uhakika kwa hali moja ambayo uwanjani haidumu hata sekunde thelathini.

Na kijiti cha oili. Nimejiuliza mara nyingi ningefanya nini tofauti saa ile ya chakula, bila kompyuta wala sensa. Jibu ni jepesi na linaudhi: ningemwuliza Bwana M. sindano ilicheza wapi, kona gani, mwanzoni au mwishoni. Sindano inayocheza sehemu ile ile kila mzunguko inasema oili ipo ila imekimbilia mahali. Dakika moja ya maswali, kisha tungepakia gari na kurudi nyumbani na injini nzima.

Mwezi uliopita Bwana M. alipita gerejini. Sasa anaulizia kamshafti kali zaidi na kwenda uwanja wa Mugello, ambako kona mbili za Arrabbiata ni za kulia, zimefuatana, na huwa zinachukuliwa kwa kasi. Mzee hakumjibu. Alimpeleka nyuma kwenye rafu, akaushusha ule ubao wenye bawaba na sampu ya zamani bado imefungwa juu yake, akaufuta vumbi kwa kitambaa. Kisha akachora kwenye nguzo alama ya tatu ya chaki, juu kidogo ya ile ya pili, akanituma nilete kopo la oili.